Pini Inayokubali Kukatika

Nyiramana na mume wake Léonidas wanaishi Kinyinya, kule chini bondeni. Wana ng'ombe wawili na trekta moja kuukuu. Kila asubuhi Nyiramana humbeba mtoto wao Umulisa mgongoni kwa kitenge, kisha kazi inaanza.

Nyuma ya trekta kuna shafti, yaani chuma kirefu kinachozunguka. Shafti hiyo huzungusha mashine ya kukatakata majani ya ng'ombe. Majirani nao huleta majani yao hapo.

Trekta lenyewe, jamani, ni zee! Likiwaka, kuku wote hukimbia. Lakini Léonidas alilipenda sana.

"Papa Umulisa, siku moja utalioa hilo trekta," Nyiramana alimtania.

"Mke ninaye tayari," Léonidas alijibu. "Na yeye pia ananguruma asubuhi."

Wakacheka wote wawili.

Siku zile pini ilikuwa ikikatika mara kwa mara. Pini ni chuma kidogo kinachounganisha shafti na mashine. Kila ilipokatika, Léonidas alikasirika. Mwishowe alikwenda kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa jirani, akaomba kipande cha nondo. Akakipachika mahali pa pini.

"Sasa tuone!" alisema. "Nondo iko na nguvu. Inabeba ghorofa, itashindwa na majani?"

Shafti ilikuwa na kifuniko cha plastiki. Kilikuwa kimepasuka na kilipiga kelele. Léonidas akakitoa, akakitupa.

Asubuhi moja, kipande cha mti kiliingia mashinani pamoja na majani. Mashine ikakwama. Nondo haikukatika. Trekta likatetemeka, na ndani ya mashine kukasikika mlio wa chuma kusaga chuma. Kisha shafti ikaendelea kuzunguka, lakini mashine haikukata tena.

Nyiramana akainama akivute kile kipande cha mti. Ncha ya kitenge chake ikagusa shafti. Lo! Shafti ikaidaka, ikaanza kumvuta.

"Zima! Zima!" alipiga kelele.

Léonidas alirukia trekta, akazima injini. Bahati yao kitenge kilikuwa kimechakaa. Ncha ilichanika, Nyiramana akaanguka chini na mtoto wake. Umulisa alilia sana, lakini hakuumia. Léonidas aliwakumbatia wote wawili.

"Tuliuze," alisema. "Sitaki hata kuliona."

Nyiramana pia aliogopa. Lakini ng'ombe wangekula nini? Akasema, "Tumwite Dada Phiona kwanza."

Phiona ni fundi wa matrekta. Alikulia Uganda, na sasa anaishi Batsinda. Alifika mchana ule ule, akafungua giaboksi ya mashine, yaani sanduku la gia, akaangalia ndani. Meno mawili yalikuwa yamevunjika. Kisha akaiona nondo.

"Nani aliiweka hii?"

Léonidas akaangalia viatu vyake.

"Mimi, dada. Pini zilikuwa zinakatika kila siku."

"Lakini pini imetengenezwa ikatike!" alisema Phiona. "Ni laini makusudi. Kitu kikikwama, pini inakatika, giaboksi inapona. Ukiweka nondo, yenyewe haikatiki. Kinachovunjika ni gia."

"Kumbe!" alisema Léonidas. "Nilikuwa naigombeza kwa kufanya kazi yake."

Nyiramana aliuliza, "Na mimi je? Pini ingeniokoa?"

"Hapana, mama. Pini inalinda mashine. Kinachokulinda wewe ni kifuniko. Shafti inazunguka ndani, kifuniko kinabaki kimetulia. Nguo haifiki kwenye chuma. Lakini hata kifuniko kikiwepo, usiinamie shafti inayozunguka. Zima injini, toa ufunguo, ukae nao mwenyewe. Ngoja shafti isimame kabisa. Ndipo uguse."

"Na kitenge?"

"Kitenge kinavutia macho, lakini hapa hakifai. Vaa nguo isiyoning'inia. Na mtoto akae mbali kabisa."

Phiona alibadilisha gia. Alipaka grisi kwenye viungo vya shafti. Aliweka kifuniko kipya, akakifunga kwa mnyororo mdogo ili kisizunguke. Mwisho akapachika pini ya kufaa.

Jioni ile Nyiramana alikaa akiwaza. "Kazi ya mashine naipenda," alimwambia mumewe. "Lakini Umulisa atabebwa na nani?"

Léonidas alikuna kichwa. Kwao mwanaume habebi mtoto mgongoni. Majirani wangesema nini? Akamtazama mkewe, akakumbuka ile shafti.

"Nitambeba mimi," alisema.

Nyiramana alimpenda mume wake siku ile kuliko siku ya harusi.

Sasa Nyiramana huvaa ovaroli na kuendesha mashine. Léonidas husimama mbali, karibu na uzio, Umulisa akiwa amefungwa mgongoni mwake kwa kitenge. Majirani wanaoleta majani humcheka.

"Chekeni tu," huwaambia. "Mtoto wangu ananenepa."

Juzi jiwe liliingia mashinani. Ta! Mashine ikasimama. Nyiramana akazima injini, akatoa ufunguo, akautia mfukoni. Akangoja mpaka shafti ikatulia.

"Papa Umulisa!" aliita. "Pini imekatika!"

Kule kwenye uzio, Léonidas aliinua mikono yote miwili juu.

"Asante Mungu!" alisema.