Niko Muzuri, Alhamdulillah

Tangu asubuhi Zubaida alikuwa ameketi mlangoni akisuka kikapu. Vikapu vilijaa nyumbani, vingine vilikaa juu ya kitanda. Zamani alivibeba mwenyewe kutoka kwao Mbuya hadi mtaa wa Bugolobi, akawauzia watu wa maghorofani. Siku hizi hakuvuka hata barabara kwenda kununua chumvi.

Lori la kampuni moja lilimgonga akiwa amepanda bodaboda. Mguu ulivunjika, ukapona. Lakini honi ikilia, aliziba masikio. Usiku aliamka akipiga kelele. Mchana aliwafokea watoto, kisha akajificha na kulia. Majirani walinong'ona kuwa ana mashetani. Mumewe, Abdul-Latif, hakunong'ona. Kila siku kabla ya kwenda kazini alichota maji, akamwekea ndoo karibu na mlango ili asilazimike kutoka.

Siku hiyo, Abdul-Latif akiwa bado nyumbani, alikuja mtu wa kampuni yenye lori, amevaa tai.

"Habari, mama? Uko namna gani?"

"Niko muzuri, alhamdulillah," Zubaida akajibu.

Yule mtu akamgeukia Abdul-Latif. "Umesikia mwenyewe, mzee. Hata barua ya daktari mliyotuletea inasema amepona. Sasa mnadai fidia ya nini?"

"Halali usiku," Abdul-Latif akasema.

"Hata mimi silali. Nina mtoto mchanga!" Akacheka, akaenda zake.

Kicheko kile kilimuuma Zubaida kuliko mguu ulipovunjika.

Jirani yao Akullo, muuguzi mstaafu, alikuwa akianika nguo. Alisikia yote. Akaja na kikombe cha chai, akampa Zubaida.

"Mama Rahmah, kwa nini umemwambia uko muzuri?"

"Mtu akikusalimu, utamjibu nini? Kwetu hata aliye taabani husema alhamdulillah."

"Na daktari ulimjibu hivyo hivyo?"

"Alinisalimu. Nikaitika."

"Basi akaandika ulichosema, bambi, maskini wee!" Akullo akaketi kando yake. "Mshukuru Mungu, halafu mwonyeshe daktari panapouma. Yeye haoni ndoto zako. Na hayo si mashetani. Mashetani hawaendeshi lori. Ni jeraha la akili. Mwili hupona, akili ikabaki barabarani inagongwa. Lina matibabu yake. Na mtu akikuumiza kwa uzembe, sheria inakuruhusu kudai fidia ya jeraha hilo pia, si ya mfupa tu. Lakini daktari wa akili alithibitishe."

"Daktari wa akili? Watu watasema nina wazimu."

"Wameshasema una mashetani. Chagua moja."

Zubaida akacheka kidogo, chai ikamwagika.

"Wakili tutamlipa nini?" Abdul-Latif akauliza.

"Wapo mawakili wa msaada wa sheria. Wanawasaidia bure wasio na uwezo. Nendeni na ripoti ya polisi na vyeti vya hospitali. Wala msikawie. Sheria imeweka muda wa kufungua kesi. Ukipita, mtarudi mikono mitupu."

Wakaenda hospitali ya Mulago kwa daktari wa akili. Akullo alimshika Zubaida mkono njia nzima. Honi zilipolia, Abdul-Latif alimziba sikio kwa kiganja chake.

"Habari yako, mama?" daktari akauliza.

Jibu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni. Zubaida akalimeza.

"Alhamdulillah," akasema. Kisha akasema, "Lakini si muzuri, daktari. Lile lori linanigonga kila siku. Jana nilimpiga binti yangu Rahmah kwa sababu aliangusha sufuria. Sauti tu ya sufuria."

Daktari akaweka kalamu chini, akamsikiliza mpaka akamaliza.

Matibabu yakaanza. Kesi nayo ikafunguliwa, ikaenda polepole. Mahakamani yule mtu wa tai alisema Zubaida anaigiza. Daktari wa akili akaeleza ugonjwa wake mbele ya hakimu. Mwishowe kampuni ikaamriwa kulipa fidia. Ilikuwa ndogo kuliko walivyoomba, lakini ilitosha kuendelea na matibabu na kuanza biashara tena.

Hukumu ilipokwisha kusomwa na watu wakaanza kutoka, Zubaida hakuinuka. Alikuwa anamtazama yule mtu wa tai akikusanya karatasi zake.

"Unangoja nini, mama?" wakili wake akauliza.

"Aseme pole."

Wakili akashusha pumzi. "Mahakama inaweza kuwaamuru walipe. Pole haiamriwi."

Yule mtu akatoka bila kugeuka.

Zubaida aliendelea kwenda kliniki. Usingizi ukarudi, kidogo kidogo. Kisha asubuhi moja akachukua vikapu vichache, akasimama ukingoni mwa barabara na mumewe. Malori yakapita. Abdul-Latif hakumvuta wala hakumhimiza. Alingoja tu.

Wakavuka.

Walipofika ng'ambo, Zubaida akatua vikapu. Akakaa chini akilia, hasira na woga pamoja. Mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi akasogeza karai lake, akampa nafasi kivulini. Zubaida akafuta uso kwa ncha ya mtandio, akaanza kupanga vikapu vyake.