Pawa Saplai Nzito

Giza lilikuwa linaingia nilipofika kwa fundi, mwanangu mgongoni, dada yangu pembeni. Pawa saplai ya kompyuta yangu, lile boksi la kuingizia umeme, ilikuwa imeungua. Na mimi bila kompyuta sina kazi, nachapa barua za watu nyumbani.

Fundi akaweka pawa saplai tatu mezani.

"Zipime mkononi, mdogo wangu," dada akasema. "Nyepesi ni makopo matupu. Beba nzito."

Ni kweli, mafundi wenyewe husema hivyo. Nikainua moja moja. Ya mwisho ikanivuta mkono.

"Hiyo... sikumbuki niliitoa wapi," fundi akasema.

"Fundi naye! Hata ulichokula asubuhi unakikumbuka?" Dada akacheka. Nikacheka na mimi. Jamani, nilicheka!

Nyumbani nikaifunga, nikawasha. Feni yake ikaanza. Fff... fff... Kama mtu anavuta pumzi. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani.

Mwanangu akanyamaza katikati ya kilio.

Nikachomoa waya ukutani.

Feni haikusimama.

Nikatazama kifua cha mtoto. Kinapanda na feni. Kinashuka na feni.

Nikashika bisibisi, nikafungua kifuniko. Ndani, katikati ya nyaya, kitambaa... kipande cha shuka ya mwanangu iliyopotea. Nikakifunua.

Kitovu chake. Kikavu, kimezungushiwa uzi mweusi.

Kilipodondoka, aliyekipokea ni mmoja tu. "Nipe mimi nikihifadhi, mdogo wangu." Tumenyonya titi moja mimi na yeye!

Nikazuia feni kwa kidole. Midomo ya mwanangu ikapauka, macho yakageuka. Nikaachia haraka.

Akapumua.

Simu ikaita. Dada. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote.

"Usiiguse tena," akanong'ona. "Umenishtua... huyu wa tumboni kaacha kucheza."

Wa tumboni? Dada, aliyelia miaka yote kwamba hashiki mimba?

"Dada... nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Iache izunguke mpaka nijifungue."

"Halafu?"

Nikasikia anapumua. Fff... fff...

Akakata.

Tangu siku ile nakaa hapa, mtoto mapajani, nasikiliza feni. Sipokei kazi, mlango siufungui, dada akibisha ndiyo kabisa.

Leo feni imeanza kukwaruza.