Goti la Mshale

Mfagiaji alidhani ni maiti.

Alikuwa amesukuma mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, ndoo mkononi, akamkuta kijana mrefu amelala chali juu ya benchi, mdomo wazi, uso umepauka. Alimwita, kimya. Alipomshika mkono na kuukuta wa baridi, aliiacha ndoo palepale, akatoka mbio akipiga mayowe hadi uwanjani, ambako wakubwa wa klabu walikuwa wamesimama wakisubiri.

Walikuwa wakimsubiri huyohuyo.

Inspekta alipofika, gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha kumchukua. Alikuwa bado anapumua, lakini kwa mbali sana, na wahudumu walihisi amenyweshwa kitu. Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya upole iliyowafanya watu waseme zaidi ya walivyokusudia. Kituoni walimwita Bi Kwanini. Alijua, wala hakujali.

"Ni nani huyu kijana?" alimuuliza koplo wake.

Koplo alimtazama kama aliyeulizwa jua ni nini.

"Mshale, afande! Mshambuliaji. Kabla hajaumia goti hakuna beki aliyelala usingizi usiku wa kuamkia mechi yake. Leo alikuja kufanyiwa majaribio hapa. Klabu hii inataka kumchukua kwa kubadilishana na nahodha wao."

"Nahodha ni mgonjwa?"

"Mzima kama chuma."

"Mzima kwa mgonjwa. Kwa nini?"

Koplo aliinua mabega. Hilo ndilo swali ambalo mji mzima ulikuwa ukiuliza.

Inspekta aliinama juu ya benchi. Kulikuwa na taulo lililokunjwa vizuri upande wa kichwa. Upande wa miguu kulikuwa na taulo jingine, hili limeviringishwa kama mto. Koti la mazoezi lilikuwa limeanguka sakafuni.

"Ulimkuta vipi?" alimuuliza mfagiaji. "Usiache kitu."

"Amelala chali, mama. Koti limemfunika hadi kidevuni. Goti moja limeinuliwa juu ya hilo taulo la kuviringisha."

"Goti lipi?"

"Lile lenye kovu."

Inspekta aliligusa lile taulo. Alikuwa ameona watu wengi waliotiwa sumu. Hakuwahi kuona aliyefunikwa asipate baridi.

Chini ya benchi aliona vipande vifupi vya nywele nyeusi. Mfagiaji aliruka kujitetea. "Hivyo si vya kwangu, mama. Nimefagia humu alfajiri."

"Najua. Koplo, chukua sampuli. Na mtu yeyote asiondoke uwanjani."

Mwenyekiti wa klabu alihojiwa kwanza. Alikuwa muuza matairi, mtu mnene, na jasho lilikuwa likimtiririka ingawa alikuwa kivulini.

"Klabu yangu inachungulia kaburi, Inspekta. Tuko mkiani. Tukishuka daraja, sijui tutapanda lini."

"Ndiyo ukaamua kumchukua mtu wa goti?"

"Mshambuliaji mzima wa kiwango chake ningempata wapi? Nilisema nibahatishe. Mfa maji haachi kutapatapa. Lakini niliweka sharti: akimbie mbele ya macho yangu, leo. Akikimbia, natia sahihi. Asipokimbia, kila mtu abaki na chake. Dirisha la usajili linafungwa jioni."

"Nani hakuutaka uhamisho huu?"

Mwenyekiti alisitasita. "Sipendi kusema. Lakini nahodha, tangu nimwambie, haongei na mtu."

Nahodha aliingia na kofia mkononi.

"Unamchukia Mshale?"

"Hapana, mama."

"Anachukua nafasi yako."

"Naye ananipa nafasi yangu."

"Kwa nini unasema hivyo?"

Nahodha alizungusha kofia. "Mke wangu ni mwalimu kule wanakonipeleka. Wanangu wako kule. Mdogo ameanza kuniita mjomba. Nimeuomba uhamisho huu kwa Mungu kimyakimya, maana mashabiki wangejua nafurahi kuondoka wangenila mbichi. Leo aliposhindwa kuamka, mimi ndiye niliyelia chooni. Muulize kipa, alinisikia."

Kipa alipoulizwa alisema ni kweli, na kwamba alidhani ni tumbo.

Wa tatu alikuwa daktari wa klabu iliyokuwa ikimwachia Mshale. Alikuwa amevaa vizuri, na mkoba wake haukutoka mapajani.

"Fungua mkoba, daktari."

"Kuna vifaa vya kazi tu."

"Nami niko kazini. Fungua."

Juu ya bandeji kulikuwa na bomba la sindano lililokwisha kujazwa.

"Ya nani hii?"

"Ya... kutuliza maumivu."

"Ni ganzi?"

Daktari aliufunga mkoba.

"Ulitaka kumchoma kabla hajakimbia. Asisikie goti lake. Kwa nini? Halijapona?"

"Kano moja haijashika vizuri. Lakini ni kukimbia mara moja tu. Akimaliza, basi."

"Na ganzi ikiisha?"

Daktari alitazama viatu vyake. "Wakati huo lingekuwa goti la klabu nyingine."

Koplo, ambaye alikuwa akiandika maelezo, aliacha kuandika. Inspekta alilazimika kumgusa bega ili aendelee.

"Sindano hii haijatumika," alisema Inspekta walipobaki wawili. "Yeye alitaka kijana akimbie. Mwenyekiti alitaka akimbie. Nahodha alimwombea akimbie. Nani hakutaka?"

"Adui, afande."

"Adui hakunji taulo. Mwite mlinzi wa lango."

Mlinzi hakuwa na mengi. Wageni ni haohao. "Ila alikuja pia baba yake Mshale, lakini huyo si mgeni. Ni kinyozi wa hapahapa mjini. Kila siku ya jambo kubwa humnyoa mwanawe mwenyewe. Alitoka mapema na kifurushi chake. Akaniambia kijana yuko tayari, anapumzika, asisumbuliwe."

"Alisema amemaliza kumnyoa?"

"Ndiyo, mama."

Hospitalini daktari wa zamu aliwapokea mlangoni mwa wodi. "Dawa za usingizi," alisema. "Nyingi. Tumemsafisha tumbo. Mwili wake una nguvu, ameanza kufumbua macho. Angechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine."

Mshale alikuwa ameegemezwa mito miwili. Inspekta alisimama miguuni pa kitanda, akamtazama kichwani kwa muda. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimenyolewa safi hadi nyuma ya sikio. Upande wa kushoto hazikuguswa.

Kinyozi alisema amemaliza.

"Nilimeza mwenyewe," Mshale alisema kabla hajaulizwa. Sauti ilikuwa nzito. "Niliogopa majaribio. Nifungeni mimi."

"Ulimeza mwenyewe. Kisha ukajifunika koti mpaka kidevuni?"

"Ndiyo."

"Ukajiwekea taulo chini ya goti?"

"Ndiyo."

"Na nusu ya kichwa iliyobaki ulipanga kujinyoa ukiwa usingizini?"

Kijana alipeleka mkono kichwani, akapapasa kulia, akapapasa kushoto. Machozi yalimjaa.

"Afande, yule ni mzee. Tafadhali."

"Yuko wapi?"

Macho yake yalikwenda mlangoni.

Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi mwishoni mwa korido, kifurushi mapajani, miguu imevimba ndani ya ndala. Wauguzi walisema alifika mara tu baada ya kijana kuletwa, hajaomba hata maji. Inspekta alimpa koplo ishara abaki nyuma, akaenda kuketi kando yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ameamka?"

"Ameamka. Anasema alimeza mwenyewe."

Mzee alifumba macho. "Mwongo yule. Tangu mdogo, jirani akivunja kikombe, anasema yeye. Lakini hili nimevunja mimi." Alifungua kifurushi, akatoa chupa ya chai. "Humo, mwanangu. Haijaoshwa. Peleka ukapime."

"Nieleze kwa nini."

Mzee alivuta pumzi ndefu.

"Mama yake alitutoka huyu akiwa bado anatambaa. Nilikuwa namfunga mgongoni kwa shuka, nanyoa wateja naye analia. Wengine walihama kwa sababu ya kelele. Wengine walibaki kwa sababu yake. Nimemlea hivyo. Tangu aumie goti na kurudi nyumbani, usiku namsikia chumbani anauma mto nisisikie. Asubuhi ananiambia, baba, nimelala kama gogo. Nami namwambia, hata mimi. Wote tuko macho."

Muuguzi alipita na toroli la dawa.

"Jana akaniambia watamchoma sindano, hatasikia kitu. Nikamwambia, mwanangu, hayo maumivu ndiyo yanayokulinda, ukiyanyamazisha utalivunja goti lako mwenyewe na usijue. Akasema, baba, tazama miguu yako ilivyovimba kwa kusimama. Nikisajiliwa, utakaa chini. Basi, mwanangu, ungefanyaje? Mimi nalilia goti lake, yeye analilia miguu yangu."

"Ungemwambia mwenyekiti."

"Ningemwambia, mwanangu angeitwa tapeli nchi nzima. Nani angemchukua tena? Nikasema bora alale. Siku moja tu. Dirisha likishafungwa, ataamka na goti lake na jina lake. Mimi daktari alinipa vidonge kwa ajili ya kukosa usingizi. Kimoja hakinifanyi kitu. Nikajisemea, yeye pande la mtu, nikavisaga vinne kwenye chai, kisha nikaogopa havitatosha, nikaongeza."

Alikifunga kifurushi, akakifungua tena. Inspekta hakumharakisha.

"Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa, akaniangukia begani. Kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Nikamlaza, nikamfunika. Na nikafurahi, mwanangu. Mungu anisamehe, nikafurahi. Nilidhani hatimaye amepata usingizi. Niko dukani nasikia watu wanasema Mshale amekufa."

Hapo alivunjika. Alilia bila sauti, kichwa kimeinama, na Inspekta alimwekea mkono mgongoni, akauacha hapo. Kisha alifanya ilivyompasa. Alimweleza kwamba yuko chini ya ulinzi, kwamba kumpa mtu dawa bila yeye kujua ni kosa hata kama mtu huyo ni damu yako, na kwamba alikaribia kuua.

"Najua," mzee alisema. "Usinipunguzie, mwanangu. Lakini nimwone kwanza."

Alimpeleka. Mzee alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. Mshale aliinua mkono, akaunyoosha. Hapo ndipo mzee alipovuka kizingiti.

"Umeniponza, baba," kijana alisema, huku akimvuta.

"Nimekuponza, mwanangu."

"Ulitaka kuniua?"

"Nilitaka ulale."

"Basi kaa. Umesimama sana."

Mwenyekiti aliingia wakati huo, nahodha nyuma yake. Alikuwa amekuja kuvunja mpango, na ilionekana usoni. Koplo alikuwa amekwisha kumweleza habari za sindano. Alisimama kando ya kitanda akihema.

"Ulijua kuhusu sindano?"

"Nilijua, mzee. Nilikubali kukudanganya. Nisamehe."

"Na goti?"

"Ni bovu. Daktari wa hapa anasema nikilitunza msimu mzima, litarudi. Ningekimbia leo, lisingerudi tena. Kwa hiyo ukinichukua, unachukua bovu."

Mwenyekiti alipangusa jasho. "Hilo ndilo neno la kweli la kwanza nililosikia tangu shughuli hii ianze." Alimgeukia nahodha. "Na wewe, unanitazama nini?"

"Wanangu wako kule, mwenyekiti," nahodha alisema kwa sauti ndogo.

"Bila wewe, na huyu amelala, tutashuka daraja."

"Huenda."

Mwenyekiti alitazama dirishani, ambako jua lilikuwa limeanza kuinama. Alimtazama mzee aliyekaa ukingoni mwa kitanda, mkono wa mwanawe haujamtoka.

"Basi tushuke," alisema. "Tutapanda naye." Akaomba kalamu, na koplo karibu aanguke akimpa ya kwake.

Klabu ilishuka. Mashabiki walimtukana mwenyekiti matusi ambayo hayakuwahi kusikika. Daktari wa sindano alishtakiwa kwa udanganyifu na kuzuiwa kutibu wachezaji.

Kesi ya kinyozi ilifika mahakamani Mshale akiwa bado anatembelea magongo baada ya upasuaji wa pili. Inspekta alitoa ushahidi wake bila kuongeza wala kupunguza. Mzee alikiri kosa. Hakimu akamuuliza kijana kama ana neno kabla ya hukumu.

Mshale alisimama kwa shida.

"Mheshimiwa, mimi ndiye niliyedhurika, lakini mimi ndiye niliyemfikisha huko. Nilitaka kuuza goti langu ili yeye apumzike, sikumuuliza kama anataka kupumzika kwa bei hiyo. Naomba nirudi naye nyumbani. Hana mwingine, nami sina mwingine."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma: kifungo cha nje, kwa sharti kwamba mzee asimtilie tena mtu yeyote dawa za usingizi kwenye chai.

Mtu alicheka mwishoni mwa ukumbi. Alikuwa koplo. Inspekta alimkata jicho, kisha naye akageukia ukutani, kwa sababu macho yake hayakuwa makavu.

Aliwatazama wakishuka ngazi za mahakama, mmoja na magongo, mwingine na miguu iliyovimba. Walikwenda polepole sana, wakisimama kila walipochoka, na hakuna aliyemharakisha mwenzake.