Saa Kumi na Moja Kamili

Saa iliyokaa juu ya friji nyumbani kwa Ndahani Chilewa, jijini Dodoma, ilikuwa haikosei. Ukubwa wake haukuzidi kopo la maziwa, na ndani yake wingu dogo la atomu za rubidi lilihesabu muda kwa namna ambayo ungeiacha miaka elfu ingepoteza sekunde moja tu, tena kwa shingo upande. Ndahani, fundi mitambo mstaafu wa redio, aliinunua ikiwa chakavu kutoka kwenye mnara wa simu uliobomolewa, akaifufua, kisha akaizungushia blanketi la mtoto ili isipigwe na baridi. Marehemu mkewe alizoea kuwaambia wageni kwamba nyumba ile ina wagonjwa wawili, mzee na saa yake, na kwamba saa ndiyo inayouguzwa vizuri.

Wagonjwa wa namna hiyo walikuwa wengi nchini. Walijiita Wana-Nukta, kwa sababu nukta ni jina la zamani la sekunde. Kila Jumapili asubuhi walikutana hewani kwa redio zao, wakalinganisha saa na kubishana juu ya waya, joto la fuwele na vipimamasafa vya mitumba. Mtu wa nje angesikiliza dakika mbili akalala usingizi. Mwenyekiti wao alikuwa Bi Sikudhani wa Tanga, mwalimu wa fizikia aliyestaafu, mwanamke asiyesamehe uvivu wa kupima.

Jumapili hii hawakubishana. Chombo cha anga kiitwacho Kipanga kilikuwa kinarudi kutoka kwenye vimondo vya mbali, na ndani yake alikuwamo mtu mmoja peke yake, Nyemo, binti wa Ndahani. Alikuwa amelazwa katika usingizi mrefu, ule ambao moyo hupiga mara chache kwa saa ili chakula na hewa vitoshe safari. Aliyeshika usukani ni rubani-akili, mashine inayopokea amri kwa maneno na kuzitekeleza. Saa tano asubuhi ilitakiwa iwashe injini kupunguza mwendo, chombo kidakwe na Dunia. Kisipopunguza mwendo, kingepita na kwenda zake.

"Baba Nyemo, unampata?" Bi Sikudhani aliuliza redioni.

"Nampata," Ndahani alijibu. "Sauti safi kabisa."

Alichokipata si sauti ya mtu. Ni mlio mmoja usiobadilika wa kinara, kirusha-mawimbi kidogo kilichobandikwa ubavuni mwa Kipanga. Chombo kikija kwako mlio hupanda, kikiondoka hushuka, na mwenye saa nzuri anaweza kuujua mwendo wake kwa usahihi wa hatua za mtu anayetembea. Kwenye kioo cha Ndahani ilichorwa mistari miwili. Wa kijani ulionyesha mlio utakavyokuwa injini ikiwaka, mwekundu isipowaka. Mpaka saa tano mistari hiyo ilikuwa mstari mmoja, kisha ikaachana.

"Leo friji yako umeizima?" Bi Sikudhani alimtania. "Isije ikamtikisa mtoto wa watu huko juu."

"Nimeizima tangu jana. Maziwa yameganda, na mimi nimeganda."

Saa tano ilifika. Doti ya kwanza ya kipimo ikaangukia kwenye mstari mwekundu. Ya pili ikafuata, na ya tatu. Ndahani aligusa waya wa antena, akakaza kiungo kilichokuwa tayari kimekazwa. Hakuna fundi asiyeanza kwa kulaumu waya wake.

"Bi Siku, wewe unasomaje?"

Bi Sikudhani alikikagua kioo chake mara mbili. "Nyekundu," alisema. "Na Mwanza nyekundu. Si kifaa chako, baba."

Ndahani akaipigia Stesheni ya Anga. Mhandisi Lukindo, mama aliyesimamia safari ile, alipokea mwenyewe, na nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi wanaozungumza kwa pamoja.

"Shikamoo mzee. Tunaona unachokiona. Injini haijawaka na hatujui kwa nini. Amri ilifika. Kipanga kilijibu kabisa kuwa kimeelewa."

"Marahaba. Kilijibuje? Niambie maneno yake."

"Niliyasikia kwa masikio yangu. Tuliandika 11:00, mashine ya kufasiri ikaigeuza kuwa maneno, kama kawaida. Kipanga kikasema, 'Nimeelewa. Nitawasha injini saa kumi na moja kamili.'"

Ndahani alikaa chini. Alikuwa amekumbuka ujumbe wa mwisho wa Nyemo kabla hajalala, ule alioucheza mara nyingi jioni alipozidiwa na upweke. Nyemo alikuwa anacheka. "Baba, hiki chombo kilikuwa kinaniudhi. Kinaniamsha asubuhi kinasema ni saa sita. Saa sita gani, nimeota mchana? Nimekifundisha saa zetu. Sasa kinasema saa kumi na mbili kama mtu aliyelelewa."

"Mama," Ndahani alimwambia mhandisi, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Injini haijaharibika. Kinasubiri jioni."

Lukindo alikuwa mzaliwa wa Kondoa, na nyumbani kwake saa kumi na moja ni wakati wa kurudisha ng'ombe. Lakini miaka yote kazini alisoma saa kwa tarakimu za Kizungu, na maneno yale yalipotoka kwenye spika hayakumshtua, maana yalikuwa yale yale aliyoyatuma. Amri zote za nyuma Nyemo alizitekeleza kwa mkono wake. Hii ilikuwa ya kwanza kupokelewa na rubani-akili pekee.

"Mungu wangu," Lukindo alisema taratibu.

"Kirudieni basi. Kiambieni saa tano, sasa hivi."

"Hakitusikii, mzee. Kikishapokea amri ya injini kinageuka, antena kubwa inatazama kwingine mpaka injini iwake. Kile kinara kinatoa mlio tu, hakina sikio."

"Na hiyo ya jioni?"

"Jioni kitakuwa kimeshapita. Injini itapunguza mwendo pasipo Dunia ya kukidaka, na mafuta yataishia hapo. Kitarudi karibu nasi baada ya miaka kumi na tisa. Kile kitanda cha usingizi, mzee wangu, nisikudanganye, hakuna aliyekijaribu zaidi ya miaka minne."

Ndahani aliyarudisha maneno hayo hewani kama alivyopewa. Hakuna Mwana-Nukta aliyesema pole. Bi Sikudhani aliwaambia wote wenye mitambo ya kurusha waiwashe, wafunge mawimbi yao kwa saa za atomu yaende pamoja kama wimbi moja, waelekeze antena juu. Labda mgongo wa antena ile kubwa ungeokota chochote. Walikuwa watu wa Tanga, Mwanza, Iringa, Lindi, wenye vifaa vya kuokoteza, na kwa mara ya kwanza tangu chama kianze saa zao zote zililingana bila ubishi. Walirusha neno moja, wakalirudia na kulirudia: washa. Nguvu yao yote kwa pamoja haikuzidi ya pasi ya umeme.

Doti ziliendelea kuangukia kwenye mstari mwekundu.

Saa nane Kipanga kilipita karibu kuliko vyote, na mlio ukaanza kushuka. Lukindo alipiga tena akasema wamejaribu kila kitu. Ndahani alimshukuru. Alikuwa na hasira, lakini hakumwona wa kumpa. Nyemo alikuwa na umri wa miaka mitano baba yake alipomkalisha mapajani mbele ya saa ya ukutani na kumwonyesha mshale mfupi. Ukiona kumi na moja, alimwambia, wewe tazama ng'ambo ya pili, useme tano. Mtoto alicheka kwamba saa inasema uongo. Haisemi uongo, alimjibu, inasema Kizungu. Ndahani alifurahi sana siku ile mtoto alivyolishika haraka.

Alasiri yote alikaa pale, na wenzake walikaa naye hewani bila kuongea. Mara moja moja mtu alibonyeza kitufe kuonyesha bado yupo.

Ilipofika saa kumi na moja kamili jioni, mlio uliruka. Injini ya Kipanga iliwaka, ikanguruma muda wote iliopangiwa, ikazima. Ndahani alilinganisha na saa iliyo juu ya friji. Haikuwa imewahi wala kuchelewa, hata kwa sehemu ya elfu ya sekunde. Katika maisha yake hakuwa amewahi kuona kipimo kizuri namna ile.

"Imewaka," Bi Sikudhani alisema.

Ndahani alilia. Kisha aliondoka akawasha friji, akamwaga maziwa, akarudi kwenye kiti.

Wana-Nukta bado wanakutana kila Jumapili. Wanabishana kidogo kuliko zamani, na hakuna anayeuliza saa ngapi. Mlio wa Kipanga umekuwa mwembamba, na vifaa vya wengine vimeshaupoteza, hata vya Stesheni. Saa ya Ndahani bado inaushika, kwa kuwa inajua mahali pa kuutafuta, na yule mzee huifunga blanketi vizuri kabla hajaketi.

"Baba Nyemo," Bi Sikudhani humwuliza, siku zote la kwanza. "Unampata?"

"Nampata," Ndahani hujibu. "Kwa mbali."