Mwaitu Aliyeitika Kaloleni

Sogeeni, wajukuu. Kiilu, zima hiyo redio. Na anayetafuna muwa ateme kwanza, maana hili ni la kusikizwa kwa masikio yote mawili.

Kwa Mbithi, hapo Kasikeu, tangi la maji lilikauka tangu Julai. Lakini mwezi wa tisa likaanza kudondoka ndani: to, to, to. Nzisa mkewe alipanda ngazi akachungulia. Vumbi tupu, na harufu ya pombe ya mnazi iliyochacha. Kwa nyumba ya watu waliookoka!

Walikuwa wametoka Kaloleni, nchi ya mnazi, ambako Mbithi alijenga kanisa mwezi mzima. Alienda na Nzisa na binti yao Kasiva, wa miaka sita. Kila Jumamosi walitembea: leo Rabai, wiki ijayo baharini, jioni wanarudi na mchanga kwa viatu. Jumamosi ya mwisho waliingia shamba la minazi kuona wagema wakishusha vibuyu. Saa sita mchana, Kasiva akapotea.

Mnajua desturi yetu. Mtoto alibeba jina la nyanyake marehemu, kwa hivyo babake alimwita mwaitu, mama yangu. Akapaza sauti: "Mwaitu! Mwaitu, rudi nyumbani!"

Juu ya mnazi usio na mgema, kitu kikaitika: "Nakuja, mwanangu."

Mbithi akacheka, akidhani wagema wanamtania. Kasiva akatokea nyuma ya shina, midomo imelowa.

Kurudi Kasikeu, mtoto aliacha kucheza. Alikalia kigoda cha nyanyake akichambua mbaazi, mguu mmoja ameunyoosha vile marehemu alivyounyoosha. Chakula hakugusa. "Mbithi, umekonda," alisema, na sauti haikuwa ya mtoto. Wazee wa kanisa waliomba mpaka wakakauka koo. Kitu kile kikawaitikia amina.

Na Mbithi? Alivuta kiti akakaa karibu nacho, kila jioni. Mamake alikufa yeye akiwa kazini mbali.

"Baba Kasiva, mtoto anaisha," Nzisa alinong'ona jikoni. "Mkono umekuwa kijiti."

"Ngoja kidogo tu. Hatujamaliza kuongea."

Nzisa hakungoja. Alienda Malili kwa Bi Shufaa, mke wa Abdallah muuza vitambaa, mzaliwa wa pwani. Bi Shufaa alifika, akanusa mlangoni.

"Hili halikuja lenyewe. Liliitwa mama. Aliyeliita ndiye alikane."

Mbithi akapiga magoti mbele ya kigoda, na tangi kule nje likaanza kudondoka mbio, to-to-to-to, na harufu ikapanda mpaka macho yakawasha, na mtoto akainua uso ule mdogo wenye macho ya kizee akamwangalia kama mtu anayesubiri mgeni aliyechelewa sana, na Mbithi akanyoosha mkono kuugusa.

"Sema, baba," Bi Shufaa akanong'ona.

"Wewe... wewe si mama yangu."

"Mbithi. Siku ile nilikupigia simu mara tatu."

Hizo simu hakuna aliyezijua ila Mbithi. Aliziona zikiita, akasema amalize zege kwanza.

"Si mama yangu!" akalia. "Toka kwa mtoto wangu!"

Tangi likanyamaza. Kasiva akaanguka, akafumbua macho, akaomba maji.

Mbithi alimsindikiza Bi Shufaa mpaka barabarani. "Niambie. Alikuwa yeye?"

"Majini wanajua mengi, baba," alisema, lakini alikuwa akiangalia viatu vyake.

Mwishowe vitu vya marehemu vikagawanywa: kigoda kikamwendea Kanini, dadake Mbithi. Nzisa akapata kiondo na shamba la mbaazi. Kasiva alinenepa, anaitwa Kasiva tu kama mtoto wa jirani, na lile neno mwaitu halikurithiwa na mtu. Mbithi alibaki na tangi. Waliomwambia alibomoe aliwafukuza. Kila jioni huweka sikio hapo kando, anasikiliza.