Fungua Mkono Ikuone

Damu ya kwanza ya mapenzi yao ilidondokea shati la mtu mwingine kabisa, shati jeupe la meneja wa benki, lililokuwa limetoka kunyooshwa nusu saa tu iliyopita.

Ilikuwa mchana wa siku ya punguzo la bei, ndani ya duka kubwa la vifaa vya umeme, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Dada mmoja waliyemwita Pasi alikuwa anakata njia tu, mashati manane begani, amevaa gauni la bluu la kazini na raba nyekundu. Mchana alipiga pasi kwa dobi, jioni alipiga watu ulingoni, kwa hiyo jina lake lilimkaa pande zote mbili.

Mbele ya runinga pana kama kitanda, jamaa mmoja mrefu, mwembamba, mwenye fulana ya njano, alikuwa anapiga kelele kwenye maikrofoni.

"Hakuna rimoti, hakuna waya! Mwili wako ndio rimoti! Hii kamera hapa juu inakuona. Ukirusha ngumi, bondia wa kwenye runinga naye anarusha! Dada wa mashati, njoo, usiogope!"

"Nani anaogopa?"

Basi ikawa hivyo. Watu wakamfungulia njia huku wanapiga miluzi, mzee mmoja akampokea mashati. Pasi akasimama pale pa kusimama, akarusha ngumi tatu za kunyooka, zile za miaka sita ya jasho: zinatoka kidevuni, zinafika, zinarudi. Bondia wa kwenye runinga alibaki amesimama kama mtu anayesubiri lifti. Pasi alipokwisha kushusha mikono, ndipo yule akatikisa bega moja.

Duka zima likacheka.

"Dada, hujapiga kitu."

"Nimepiga mara tatu!"

"Labda moyoni. Ukinyoosha ngumi moja kwa moja, kamera inaona ngumi tu, mkono wote umejificha nyuma yake. Halafu una haraka mno, inachelewa kukufuata. Fungua mkono, pana, taratibu, ikuone. Hivi..." Akaja kwa nyuma, akamshika kiwiko.

Bondia hashikwi kwa nyuma. Kiwiko kilitangulia, ngumi ikafuata, mdomo wa juu wa jamaa ukapasuka kama nyanya. Alienda chini na maikrofoni yake, akaangukia miguu ya mzee wa mashati, damu ikadondokea shati la juu, na duka zima likasikia jino linavyogonga chuma. Kwenye runinga, bondia wa kamera akarusha ngumi moja safi kabisa.

"Hiyo," jamaa alisema kutoka sakafuni, sauti yake ikitoka kwenye spika zote nne, "hiyo imeiona."

Jioni ile simu ya kwa dobi ililia. Namba alikuwa ameisoma kwenye kibandiko cha shati.

"Samahani, nina mdomo umekunjamana. Mnanyoosha?"

"Wewe nani?"

"Yule uliyemlaza dukani. Wananiita Rimoti. Nimeshonwa nyuzi tatu, daktari kasema nisicheke, na tangu mchana nacheka peke yangu kama chizi."

"Pole sana, kaka."

"Kaka tena? Usiniite kaka, utaniharibia mipango."

Pasi aliunguza kola ya mtu kwa kucheka.

Mwezi haukuisha, Rimoti akawa na kikombe chake cha chai kwenye nyumba ya shangazi yake Pasi. Ilikuwa nyumba ya vyumba vinane kuuzunguka ua mmoja, ambako mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha nane anamwambia afya. Rimoti alikuja na mashine yake mwenyewe, ile ya kamera, maana wakati huo Pasi alikuwa na shida kubwa. Baada ya wiki tano angepigana na Msusi, mwanamke wa ng'ambo ya pili ya mji, anayesuka nywele kutwa mikono isichoke. Atakayeshinda anaingia timu ya taifa. Pasi alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mwaka ujao chama cha ngumi kisingemtazama hata kwa darubini. Na pale klabuni kwa Kocha hapakuwa na mwanamke hata mmoja wa uzito wake wa kufanya naye mazoezi.

"Humu ndani wamo mabondia kumi na wawili," Rimoti alisema, akipapasa mashine. "Hawachoki, hawana hedhi, hawana msiba. Piga mpaka uchoke wewe."

Kamera ilitaka hatua nne kati yake na mtu, chumba cha Pasi kilikuwa na tatu. Wakasimamisha kitanda ukutani, kabati wakalitoa koridoni. Jua la alasiri likiingia dirishani kamera inakuwa kipofu, wakatundika blanketi. Kila Jumapili mchana wakawa mle ndani, joto kama tanuri, Pasi kwenye kaptura na fulana iliyolowa, Rimoti juu ya ndoo iliyofunikwa, anapiga kelele.

"Fungua mkono, kipenzi! Ikuone! Pana!"

"Nimefungua!"

"Bado! Anza mapema, inachelewa! Hapo sasa, roho yangu! Mvunje!"

Siku moja Shangazi aliingia na beseni kichwani kuuliza chumvi, na kamera ikamtambua yeye badala ya Pasi. Kwenye runinga akapigwa raundi nzima huku anatafuta chumvi. Wapangaji walilisimulia hilo wiki mbili.

Pasi aliwaangusha wote kumi na wawili. Na mkono wake wa kulia, bila kumwomba ruhusa, ukawa unajifunza.

Kocha aliliona kwanza. "Huu mkono umekuwa geti," alisema. "Nani kakufundisha kulifungua kabla mgeni hajafika?" Akampiga kofi kupitia pale palipoachwa wazi, mara tatu, taratibu, amuonyeshe. Sikio la Pasi lilipiga filimbi mpaka jioni. Pasi hakumwambia lolote kuhusu mashine. Jumapili akarudi kwa Rimoti.

Pambano lilikwenda mpaka raundi ya pili tu. Msusi aliingia na nywele alizojisuka mwenyewe, mistari kumi iliyobana, na macho ya mtu aliyelala vizuri. Pasi alizungusha mkono, pana, wazi, mzuri wa kutazamwa. Kabla haujafika, ngumi ya Msusi ilikuwa tayari imeingia katikati ikambonda pua. Akasikia kitu kinavunjika kama biskuti. Akafungua tena. Vichwa vikagongana, nyusi ikachanika, jicho la kushoto likajaa damu. Akafungua tena! Alijua anafungua, akauambia mkono usifungue, na mkono ukafungua. Ngumi ya taya ilimlaza kifudifudi. Alipoinuka kwenye hesabu ya nane alikuwa anamtafuta mwamuzi upande asipokuwepo. Pigo la mwisho hakulisikia, aliambiwa.

Chama kilitazama video na kuona vile vichwa vilivyogongana. Kikaamua warudiane baada ya miezi mitatu, mara moja, kisha basi.

Pasi alikuwa amelala na nyuzi saba kwenye nyusi, Shangazi akaja akakaa kitandani.

"Mwanangu, mimi si mtu wa kubeba ya watu."

Pasi alifumba jicho lile moja zima. Ukisikia hivyo, jua mzigo umeshafika.

"Juzi nilikuwa bombani. Huyo bwana wako anaongea na mama yake kwenye simu. Nimemsikia kwa masikio yangu haya: 'Akipigwa mara moja, ataacha.' Hivyo hivyo, neno kwa neno."

Zile Jumapili zote zilipita kichwani mwa Pasi, moja baada ya nyingine. Fungua mkono, kipenzi. Pana, roho yangu.

Rimoti alipofika, amevaa shati lililonyooshwa na mfuko wa machungwa mkononi, alimkuta amesimama katikati ya chumba ameshika pasi nzito ya mkaa ya marehemu bibi yake. Kamera ilikuwa sakafuni.

"Ulijua haioni ngumi ya kunyooka?"

"Nilijua, lakini mpenzi..."

Pasi alishusha chuma. Kamera ikapasuka, kioo kikaruka mpaka kwenye mashavu yake. Akashusha tena, na tena, mpaka waya zikatoka kama utumbo.

"Ulitaka nipigwe!"

"Mimi? Nani kakuam..."

Ile pasi ya mkaa ilimtoka mkononi. Ilipita sentimita chache na sikio la Rimoti, ikachimba ukuta, ikaanguka na bonge la plasta. Machungwa yakabingirika uani. Wote wawili walilitazama lile shimo, lilikuwa kwenye kimo cha kichwa.

"Toka," Pasi alisema, na sauti haikuwa ya hasira tena. Alikuwa anautazama mkono wake. "Toka, nitakuua."

Rimoti alitoka. Simu zake, Pasi hakuzipokea, thelathini na mbili, Shangazi alizihesabu.

Nyuzi zilipotoka, Pasi alirudi klabuni. Mlangoni alisikia mtu anapigwa. Ulingoni, kona ya mbali, bondia mmoja mnene alikuwa anamshushia ngumi mtu mrefu mwembamba aliyevaa padi za kupokelea ngumi mikononi, na mtu huyo alikuwa anapokea moja na kukosa mbili. Zile mbili zilimwingia mbavuni. Alipiga magoti, akatapika kwenye ndoo, akasimama.

"Siku ya sita hii," Kocha alisema. "Nilimwambia akitaka kukushikia padi, kwanza apigwe na wote. Nilidhani ataondoka siku ya pili."

Rimoti aligeuka. Jicho lilikuwa limevimba rangi ya zabibu, na ule mdomo aliouchana Pasi ulikuwa umechanwa upya na mtu mwingine. Pasi aliona wivu, akashangaa.

"Nani kakuruhusu kuja huku?"

"Kocha wako. Hasira zako nimeziacha nyumbani kwenu." Alitema damu. "Sikiliza. Kazi yangu ni kuwaambia wateja wafungue mikono, ndivyo mashine ilivyo. Sikujua mkono ukizoea unakataa kurudi. Mimi nilikuwa bondia lini? Nilikuwa nakuona unashinda, nafurahi kama mjinga."

"Na mama yako je? 'Akipigwa mara moja ataacha'?"

Rimoti alikunja uso, kisha akajaribu kucheka, mbavu zikamkataza. "Mama ndiye aliyesema! Mimi nikamrudishia: 'Akipigwa mara moja, ataacha? Mama, humjui huyo. Huyo akipigwa ndiyo anaanza.' Nani kakuletea nusu?"

Pasi alitoa simu, akaweka spika. Klabu nzima iliacha kupiga magunia.

"Shangazi, ile siku bombani, uliyasikia yote?"

"Nilisikia ya kutosha."

"Baada ya 'ataacha', alisema nini?"

"Ndoo ilikuwa imejaa, mwanangu. Maji yanamwagika, bili mnalipa nyie?"

Mabondia walicheka wakashikana. Pasi hakucheka. Alipanda ulingoni, akasimama mbele ya Rimoti karibu kabisa, akagusa lile sikio lililonusurika.

"Ile pasi ningekuua nayo."

"Najua."

"Si utani, Rimoti. Nilikuwa nataka. Sitaki tena kutaka hivyo."

"Ukikasirika, njoo huku. Huku nina padi." Akaziinua. "Haya, bingwa. Nipige."

Alimpiga. Kila mkono ulipofunguka, Rimoti alimzaba kofi la padi shavuni, bila huruma, huku anamwita kipenzi papo hapo. "Geti, mpenzi!" Paa. "Geti tena, laazizi!" Paa. Usiku Pasi alilala na mashavu yanawaka, Rimoti akalala na mabega hayanyanyuki. Mwezi wa kwanza mkono ulikataa. Wa pili ukasikia nusu. Wa tatu, mchana mmoja, ngumi ilitoka kidevuni, ikafika, ikarudi, na Rimoti akajikuta amekaa chini, padi imemrudi usoni, damu puani, anapiga makofi.

Siku ya marudiano ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Msusi alikuja na mistari ileile ya nywele. Raundi ya kwanza alimpasua Pasi ile nyusi ya zamani. Ya pili Pasi akamvunja mbavu, ikasikika mpaka viti vya nyuma. Ya tatu walisimama vichwa vimegusana, wakapigana kama watu wanaobomoa ukuta mmoja kutoka pande mbili, damu ikiruka mpaka kwenye meza ya waamuzi. Kengele ilipolia, pointi zilikuwa sawasawa, imebaki raundi moja.

Kwenye kona, Rimoti alibana nyusi kwa pamba. Vidole vyake vilikuwa vyekundu vyote. Pasi akasema kitu, kinga ya meno ikakimeza.

"Unataka maji?"

Akatikisa kichwa, akarudia.

"Mbavu? Mbavu zinauma?"

"Anauliza utamuoa lini, zezeta wewe!" Kocha alifoka, sponji mkononi. "Jibu upesi, zimebaki sekunde kumi!"

Rimoti alizidi kuibana ile nyusi kwa pamba. Pasi aliitema ile kinga kiganjani mwa Rimoti, na jino moja likaja nayo.

"Usinihurumie. Kama hutaki, sema, nina kazi pale."

"Nataka! Hata kesho!"

"Kesho nitakuwa nimevimba. Wiki ijayo."

Kengele ikalia. Msusi alikuja kwa kasi, amejua wapi pa kupita, palepale palipokuwa na geti. Hapakuwa na geti. Ngumi ya Pasi ilimkuta njiani, fupi, ngumu, na magoti ya Msusi yakaachana kila moja na njia yake. Alianguka chali. Alijaribu kuinuka kwenye hesabu ya sita, mkono ukateleza kwenye damu ambayo hakuna aliyejua ni ya nani.

"Kumi!"

Pasi aliwaacha wampandishe mkono, kisha akaenda kumsaidia Msusi kuketi. Aliporudi kwenye kona yake, akining'inia kwenye kamba, jicho moja limefunga, Rimoti alikuwa ameshika simu na kuziba sikio la pili kwa kelele.

"Mama! Tafuta watu wa kwenda kuposa! ... Ndiyo, huyo huyo! ... Hapana, hajaacha!" Alimtazama Pasi. "Anauliza utaacha lini."

"Mwambie aje aniulize mwenyewe," Pasi alisema, akamnyooshea mikono miwili yenye glovu. "Nifungue hizi."