Mama Samran Hakuuza Shamba

Kijiji chetu cha Nong Yao kinajulikana kwa tambi za mchele. Tambi hizo ni za Mama Samran. Alfajiri yeye na binti yake Phikun hukanda unga, huukamua kupitia bati lenye matundu, na tambi huanguka kwenye maji yanayochemka. Jua likichomoza, kina mama wamekwishajipanga na vikapu vyao. Ukizila tambi hizo na mchuzi wa samaki, husemi na mtu mpaka umalize. Najisifu, ndiyo. Mimi ni jirani yake, na cha jirani yangu ni changu pia.

Mwaka ule miguu ya Mama Samran ilianza kuvimba. Kisha uso. Akawa anachoka kabla hata unga haujakandwa.

"Ni uzee tu," alisema.

Uzee gani? Mama yake mzazi alivuna mpunga mpaka meno yakamwisha.

Mwanawe wa kiume alikuja likizo kutoka kiwandani. Jina lake la nyumbani ni Uan, yaani Mnene, ingawa ni mwembamba kama ufito. Alipoona uso wa mama yake alishtuka. Akampeleka hospitali ya kulipia mjini. Huko walimpima, wakasema figo zake hazifanyi kazi tena. Damu yake lazima isafishwe kwa mashine kila wiki, maisha yake yote. Bei waliyotajiwa ilimfanya Uan ahesabu kwa vidole njia nzima.

Jioni walikaa mkekani kula. Nyumba zetu zinatenganishwa na ua wa mianzi tu, kwa hiyo nilisikia kila neno. Sikutega sikio. Uan ana sauti.

"Nimepata mnunuzi," alisema. "Atakuja Jumamosi kuangalia shamba la chini."

Mama Samran aliacha kufinyanga tonge lake. "Shamba la chini? Lile lenye maji?"

"Ndilo lenye bei, Mama."

"Ndilo linalotulisha! Nikishapona nile nini, hiyo mashine?"

"Mama, wewe umenizaa. Watu wakisikia nimekuacha hospitali ya serikali, umelala kwenye korido, uso wangu nitauweka wapi?"

"Uweke huko huko kiwandani," Phikun akadakia. "Huku hatuuoni siku hizi."

"Wewe nyamaza!"

"Nyamazeni wote," alisema Mama Samran. "Shamba la marehemu baba yenu haliuzwi. Na mimi siendi popote. Siku yangu ikifika, imefika."

Akanawa mikono, akaenda kulala. Mama Samran akisema neno, halirudi nyuma.

Kulipokucha Phikun alikwenda kwa Lamduan. Huyu ni mhudumu wa afya wa kujitolea wa upande wetu wa kijiji. Kazi yake hasa ni kuuza kuku wa kuchoma barabarani. Lakini ndiye anayepima watoto wetu uzito na sisi wazee presha. Hufunua mitungi yetu ya maji kutafuta viluwiluwi vya mbu, hata mitungi ya mwenyekiti. Posho anayopewa haitoshi kununua mafuta ya pikipiki. Kila kijiji cha nchi hii kina watu wa namna yake, na mimi nikiwaona hujisikia tajiri.

Lamduan alikuja moja kwa moja. Akatazama miguu ya Mama Samran.

"Mama mkubwa! Juzi nilipokuja kukupima presha, miguu hii ulificha wapi?"

"Nilivaa soksi."

"Soksi, kwenye joto hili!"

Mama Samran aligeukia ukutani. Uan akaingilia kati.

"Dada Lamduan, ahsante kwa kuja, lakini tumeshaamua. Mwaka jana niliumia mkono kazini. Nilitoa kadi yangu ya matibabu tu, hospitali ya kulipia ikanipokea vizuri kabisa. Sikulipa hata baht moja. Juzi Mama katoa kadi yake pale pale, wakamwambia alipe. Umeona? Hizi kadi za bure ni za bure kweli. Rahisi ghali."

Lamduan alicheka. "Mdogo wangu, umechanganya nazi na papai. Wewe unakatwa mshahara kila mwezi. Mfuko wa wafanyakazi ndio uliokuandikisha hospitali ile. Mfuko huo ni wa mfanyakazi, mama yako hayumo."

"Na hii yake?"

"Yake tunaiita kadi ya dhahabu. Ni ya kila raia asiye na mfuko mwingine. Imeandikishwa hapa kwetu. Unaanzia zahanati. Ugonjwa ukiwa mkubwa, zahanati inakuandikia rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Wilaya wakishindwa, wao wenyewe wanakupeleka mkoani. Ukiruka ukaenda pengine bila rufaa, na si dharura, unalipa kwa mfuko wako. Juzi mlibisha hodi nyumba isiyo yenu."

"Na ikiwa dharura?" Phikun aliuliza.

"Mtu akishindwa kupumua, au akizimia, mkimbizeni hospitali yoyote iliyo karibu. Iwe ya serikali, iwe ya kulipia. Hapo hakuna kuulizana kadi imeandikishwa wapi."

Uan alikuna kichwa. "Lakini kitu cha bure, dada..."

"Nani kakwambia ni cha bure? Kila unaponunua sabuni, kuna kodi ndani yake. Mama yako amenunua sabuni tangu hujazaliwa. Matibabu haya ameshayalipia!"

Mama Samran aligeuka. "Nimeyalipia mimi?"

"Wewe, na mimi, na huyu jirani anayechungulia hapo uani."

Nikajitokeza. Ningefanyaje?

"Sasa mbona hukuniambia mapema?" Mama Samran aliuliza.

"Ningekuambiaje, mama mkubwa, na umevaa soksi?"

Hapo Mama Samran alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Uan peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo hospitali za kulipia ni mbaya?" aliuliza.

"Sijasema hivyo. Zina madaktari wazuri na foleni fupi. Mwenye uwezo aende, ni haki yake. Lakini huu ni ugonjwa wa maisha yote. Ukiuza shamba, pesa za shamba zitaisha. Ugonjwa bado utakuwepo. Utauza nini tena?"

Uan alisimama, akatoka nje. Akampigia simu mnunuzi, akamwambia asije Jumamosi.

Walikwenda zahanati, wakapata rufaa, wakaenda hospitali ya wilaya. Foleni ilikuwepo, siwadanganyi. Walifika asubuhi, wakamwona daktari mchana. Uan alikaa, akasimama, akanuna, akakaa tena. Lakini daktari alimsikiliza mama yake mpaka mwisho. Baadaye muuguzi mmoja, Orathai, aliketi nao akawaeleza.

"Kuna njia mbili za kusafisha damu. Ya kwanza ni mashine, hapa hospitalini. Utakuja mara kadhaa kila wiki. Ya pili unafanya mwenyewe nyumbani kila siku. Tunakuwekea mrija mdogo tumboni. Unaingiza maji ya dawa, yanakaa saa kadhaa, yanavuta uchafu wa damu. Kisha unayatoa na kuingiza mapya. Daktari ameona kwamba wewe unafaa kwa njia zote mbili, na zote kadi yako inalipia."

"Nikitumia hiyo ya nyumbani, nitaweza kukamua tambi?"

"Ukipata nguvu, utaweza."

"Basi nipe ya nyumbani. Hospitali ni mbali, na tambi hazingoji."

Mama Samran na Phikun walifundishwa pale hospitalini mpaka wakaweza. Uan alijenga chumba kidogo kando ya jiko. Alipiga lipu kuta, akazipaka rangi nyeupe, akaweka mlango unaofunga vizuri na beseni la kunawia. Maboksi ya maji ya dawa yaliletwa na gari la posta mpaka mlangoni. Sheria za chumba zilikuwa ngumu. Funga mlango. Zima feni, isipeperushe vumbi. Vaa barakoa. Nawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Hata paka alifukuzwa.

Miguu ikanywea. Uso ukarudi. Na hapo sisi majirani, kwa upendo wetu, tukaharibu mambo.

Huku kwetu mgonjwa haachwi hivi hivi. Tunakusanyika, tunamfunga nyuzi nyeupe kwenye vifundo vya mikono, tunaita roho yake irudi mwilini. Nyuzi hizo hazikatwi kabla ya siku tatu. Tulimfunga Mama Samran, tukamfunga na Phikun anayemuuguza. Mimi mwenyewe nilifunga nyuzi mbili. Phikun akawa ananawa vizuri, lakini nyuzi zinabaki zimelowa mikononi. Hakuthubutu kuzikata.

Kabla siku hizo hazijaisha, Mama Samran alishikwa na maumivu ya tumbo. Maji yaliyotoka yalikuwa na ukungu, kama maji ya kuoshea mchele.

Uan, aliyekuwa amesharudi kiwandani, alipiga kelele kwenye simu: "Mpeleke mjini! Hospitali ya kulipia! Nitakopa!"

"Kaka, tulia," Phikun alijibu. "Nilifundishwa. Maji yakiwa na ukungu, hakuna kungoja kesho. Twende hospitali inayomjua, na mfuko wa maji twende nao."

Lamduan aliacha kuku wake motoni, akatafuta gari. Pale wilayani mfuko ulipimwa, na dawa ikaanza mara moja. Ulikuwa ni uambukizo wa tumbo.

"Mmewahi," alisema Orathai. Kisha akatazama mikono ya Phikun. "Uzi uliolowa unafuga vijidudu. Huenda vilipitia hapo."

Mama Samran alipona, akarudi nyumbani. Jambo la kwanza alilofanya ni kumwita mzee anayeongoza ile ibada ya nyuzi.

"Kuanzia leo, mtu wa chumba hiki anafungwa juu ya kiwiko, karibu na bega."

Mzee hakupenda. "Tangu zamani roho hupita kiganjani."

"Yangu inajua njia. Itapitia begani."

Ikawa hivyo. Na sasa vijiji vya jirani vinatuiga, wala havisemi vimejifunza wapi.

Mpunga wa shamba la chini ulivunwa. Mama Samran alisimama kwenye tuta na kofia yake ya jua, akawagombeza wavunaji mmoja mmoja, nami nilitokwa na machozi ya furaha mbele ya watu wote. Uan alichukua gunia moja la mchele mpya akawapelekea wenzake kiwandani. Anawaambia wote, hata wasiouliza, kwamba mama yake anajisafisha damu mwenyewe.

Orathai naye akaanza kuleta wagonjwa wapya wakione chumba. Wiki iliyopita alimleta Bwana Wirot, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi mjini. Alikuja na gari lake zuri. Alikuwa ametibiwa kwa pesa zake mpaka nyumba ya pili ikauzwa. Mama Samran alimsimamisha kwenye beseni.

"Nawa tena. Hujafika kwenye viwiko."

Bwana Wirot akanawa tena, polepole, kama mtoto wa shule.

"Mama," alisema, "miaka yote hii nilijua kadi ya dhahabu ni ya maskini."

Mama Samran alimpa taulo safi.

"Ni ya wenye figo," alisema. "Haya, zima feni, tuanze."